Ajansi ya nyumba inataka kukata garanti yangu ya kupanga, sufuria ya mama imehusika

Mama Ntwali, Liège:
Jambo kwenu bote. Juzi tulifanya ukaguzi wa kuhama mu nyumba niliyopanga. Ajansi inasema nimeua mashine ya vyombo, inataka euro 280 mu garanti. Wamepiga hata picha ya kichujio, vipande vya mwiko ndani. Kweli mwiko nilitia. Na ile sufuria ya alumini niliyotoka nayo Bukavu: iliingia inang'aa, ikatoka nyeusi, ukiigusa vidole vinabaki na majivu. Sufuria inaweza kuua mashine? Niko na siku nane za kujibu.

Yaya wa Nguba, Bruxelles:
Usitie sahihi! Garanti ikiwa mu konti iliyofungwa, haitoki bila sahihi yako ao uamuzi wa hakimu wa amani. Miye walitaka kunilipisha rangi ya ukuta ya miaka tisa!

Mtoto wa Kadutu, Namur:
Yaya, ameuliza sufuria. Sabuni ya mashine ni kali, inakula ngozi ya juu ya alumini. Inayokufa ni sufuria. Mbao nayo inakunywa maji, ikikaushwa na moto inapasuka. Geuza chombo, tafuta alama ya sahani na matone ya maji. Haipo? Mikono.

Yaya wa Nguba:
Alama! Glasi zangu ziko nayo, sasa zina ukungu kama Kivu asubuhi.

Mtoto wa Kadutu:
Pangusa na siki. Ukungu ukitoka, ni chokaa ya maji. Ukibaki, kioo chenyewe kimelika, hakirudi. Unatiaka chumvi ya kulainisha maji mu mashine?

Yaya wa Nguba:
Miye njo unaniuliza chumvi? Nilikupokea ku uwanja wa ndege wa Zaventem na koti yangu mwenyewe.

Mama Sifa, Bukavu:
Watoto wangu, huku maji ya robinet yanakuja saa nane ya usiku, tunaamka na mabidoni. Tangu benki zifungwe 2025, hata kile mnachotuma kinafika kimemegwa. Na nyiye mnagombana juu ya mashine ya kuosha sahani? Ntwali, chemsha maji na ndimu mu hiyo sufuria, kisha sugua.

Mama Ntwali:
Aksanti mama, ndimu imefanya kazi! Imebaki duara moja chini tu, na sombe, majani ya muhogo, iko motoni. Lakini ajansi niiandikie nini? Imebaki siku sita.

Mtoto wa Kadutu:
Sombe ya barafu ya Matonge, kule kwa Wakongo wa Bruxelles, ao umepata majani mabichi?