Kitabu au filamu: wapi anaonekana vizuri mzee Corleone akimshtukia Barzini?

Mtu_wa_Mbagala: Wakuu, kesho nashuka Posta. Kuna mzee anatandaza vitabu vya mitumba, anayo The Godfather ya Mario Puzo. Kariakoo naweza kurushiwa filamu kwenye flashi. Ninachotaka ni pale mzee Corleone, bosi wa mafia, anapogundua anayemchezea si hasimu wake Tattaglia, ni bosi mwingine, Barzini. Nichukue kipi?

Chumvi_Feri: Bei hujataja. Na Kiingereza chako kikoje? Lile buku nene, usije ukaligeuza mto.

MamaShughuli: Filamu ya 1972, basi. Kwenye kikao cha mabosi Tattaglia anadai uhakika kwamba Corleone hatalipiza kisasi, anayedakia ni Barzini. Ugomvi wa mwenzio, wewe mdomo unakuwasha nini? Kwenye gari mzee anamtaja Barzini, mshauri wake Hagen anadhani kachanganya majina.

Fundi_Redio: Chonde, usichukue iliyotafsiriwa. Niliiangalia kibanda umiza Manzese, tumebanana kwenye mabenchi, jasho linatiririka. Harusini Barzini anapigwa picha, watu wake wanamkwapua mpigapicha kamera, anachomoa mkanda. Hapo hapo mtafsiri anapayuka: "Mchawi mwenyewe huyu hapa!" Saa nzima na zaidi sina cha kukisia. Kikao cha wakubwa kinaanza, umeme ukakatika. Mwenye banda anasema hela hairudi, njooni kesho. Kesho yake akaweka mpira.

Chumvi_Feri: 😂😂

Kaka_Ilala: Mnampamba mno huyo mzee. Kachelewa! Mwanawe Sonny keshazikwa ndio anafumbua macho. Bora kitabu, cha 1969, unaingia kichwani mwake taratibu.

MamaShughuli: Kachelewa wapi? Si ndiye aliyemwachia mwanawe mwingine, Michael, mtego: atakayekuletea habari za kukutana na Barzini ndiye msaliti. Msibani kwa mzee akaja Tessio mwenyewe, mtu wao wa siku nyingi.

Dogo_Temeke: Aisee! Mimi sijaiona hata nusu. Mngeweka onyo.

Kaka_Ilala: Dogo, ina zaidi ya miaka hamsini, tukusubiri mpaka lini?

Mtu_wa_Mbagala: Kitabu elfu kumi, filamu elfu mbili. Ila sina kompyuta, nitachomeka kwenye TV ya shemeji.

Fundi_Redio: TV gani? Nyingine hazisomi faili kubwa, na hiyo ni karibu saa tatu. Flashi yako GB ngapi?

Chumvi_Feri: Na shemeji ana habari?