Majumba madogo ya sanaa Nairobi: kuanzia Limuru Road au kwenye studio za wasanii?

Mwanamji
Wanajukwaa, salamu. Nimezoea kwenda Makumbusho ya Taifa na Nairobi Gallery, lile jengo la mwaka 1913 lililo karibu na Nyayo House, ambamo sehemu ya mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya, imehifadhiwa. Sasa natamani kuona kazi za wasanii wa leo, na nikijaliwa ninunue moja ndogo ya kutundika sebuleni. Wengine wananishauri niende kwenye majumba ya upande wa Lavington na Limuru Road, wengine wanasema niende moja kwa moja kwenye studio. Mtu mwenye Jumamosi moja na asiye na gari aanzie wapi?

Mpenda Turubai
Ndugu Mwanamji, anzia kwenye majumba. One Off, ambayo Carol Lees ameiendesha tangu miaka ya tisini, iko Rosslyn katika majengo ambayo sehemu yake ilikuwa zizi la farasi, na bustani yake imejaa vinyago vya chuma na mawe. Katika barabara hiyohiyo ya Limuru, ndani ya Rosslyn Riviera, kuna Nairobi Contemporary Art Institute, kituo kilichoanzishwa na mchoraji Michael Armitage mwaka 2020. Hakiuzi kazi, na kwa sababu hiyo unaweza kutazama bila mtu yeyote kukuangalia kwa matumaini. Circle Art, iliyoko Lavington, ndiyo iliyoandaa mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki mwaka 2013.

Sababu yangu ni hii: jicho hufundishwa na uteuzi. Mahali ambapo mtu mwenye ujuzi amechagua kazi kumi na tano, akaipa kila moja ukuta wake na mwanga wake, utaona jinsi Peterson Kamwathi anavyopanga watu kwenye foleni kwa mkaa juu ya karatasi kubwa, na utatambua kwamba nafasi tupu aliyoiacha kati yao ni sehemu ya mchoro. Kazi hiyohiyo ikiegemezwa ukutani nyuma ya nyingine sita, hutaiona hivyo.

Kijana wa Eastlands
Ninaheshimu hoja ya Mpenda Turubai, lakini sikubaliani naye, kwa kuwa anayeanzia Rosslyn hupata picha ya jiji lisilo na Buruburu wala Mukuru. Brush Tu ilianzishwa Buruburu mwaka 2013 na wachoraji watatu waliotaka mahali pa kufanyia kazi pamoja, na ukifika hapo utakuta rangi ikiwa bado mbichi na aliyeipaka akiwa amesimama kando yako, tayari kujibu swali lolote. Kikundi cha wasanii kiitwacho Wajukuu kiko Lunga Lunga, Mukuru, na ndicho kilichoalikwa kwenye documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2022. Huko walifunika mlango wa jumba la maonyesho kwa mabati yenye kutu, mgeni akawa hawezi kuingia bila kupita katika kichochoro kama cha kwao, na mwaka huohuo wakapewa tuzo ya Arnold Bode. Watu wamesafiri hadi Ujerumani kuona kazi iliyozaliwa kando ya Lunga Lunga Road, nasi tulio mwendo wa matatu tu kutoka hapo hatujafika!

Tahadhari moja: studio si duka. Piga simu kwanza, na kwa Mukuru omba mwenyeji akupokee kituoni.

Mama wa Karuri
Wanangu, mbona mmelisahau jumba la sanaa la Banana Hill? Shine Tani na mkewe Rahab wameishikilia kazi hiyo tangu kikundi chao cha wasanii kilipoanza mwaka 1992, na Shine mwenyewe ni mchoraji aliyejifundisha, aliyewahi kuwa mwanasarakasi. Kuta zimejaa picha hadi juu, na ni kweli kwamba si zote zitakuvutia, lakini utakuta wachoraji kutoka Uganda na Tanzania pamoja na wa hapa kwetu. Kwa asiye na gari, hapo pana unafuu: matatu za Banana hupita Limuru Road na Ruaka, kwa hiyo anaweza kushuka Rosslyn asubuhi na kumalizia Banana alasiri.

Mkaazi wa Dar
Naomba kuuliza: je, hapo kwenu kuna mahali panapofanana na Nafasi Art Space ya Mikocheni, ambapo studio zimo ndani ya makontena na maonyesho hufanyika palepale?

Kijana wa Eastlands
Naam, Kuona, iliyoko Likoni Close, Hurlingham. Ilianza mwaka 1995 kwenye Makumbusho, ikahama, na leo inaendeshwa na wasanii wenyewe. Baadhi ya studio zake ni makontena vilevile. Ndugu Mwanamji, ukilazimika kuchagua studio za mahali pamoja tu, nenda hapo, kwa sababu utapita mlango hadi mlango na kuzungumza na wachongaji na wachoraji kadhaa kwa saa mbili.

Mwanamji
Nawashukuru nyote. Basi nitaanza Rosslyn, nimalizie Banana, na Kuona nitaiwekea siku yake. Kuhusu kununua, mtu wa kipato cha kawaida atazame nini?

Mkusanyaji
Tazama chapa, yaani picha zinazochapwa kwenye karatasi, kabla ya turubai. Chapa ya kuchonga mbao huwa na nambari iliyoandikwa kwa penseli chini ya picha, kwa mfano 4/20, maana yake ni nakala ya nne kati ya ishirini, na kwa kuwa nakala ni kadhaa, bei huwa chini kuliko ya turubai ya msanii huyohuyo. Hakikisha sahihi ipo, omba risiti yenye jina la kazi na mwaka, na ukiona kidoti chekundu ubavuni mwa picha, ujue imekwisha kuuzwa.

Jambo lingine ni bei ya studioni. Jumba hukata sehemu yake kwa kuwa linalipa kodi ya nyumba, taa na matangazo. Ukiiona kazi kwenye maonyesho, kisha ukamwendea msanii kwa siri umshawishi akuuzie kwa bei ya chini, unamharibia uhusiano unaomlisha. Inunue ulipoiona. Na ikiwa ni ya karatasi, mwambie fundi wa fremu asiibandike kwa gundi, wala usiitundike panapopigwa na jua.