Hadi diski ya mtumba kwenye kompyuta ya nyumbani: 500GB ya sokoni, 1TB iliyotoka kwenye kamera, au SSD mpya kutoka Dar?

Mwalimu wa Chuno
Wakuu, habari za jioni.

Nina kompyuta ya mezani hapa nyumbani Mtwara, Dell yenye CPU kubwa ya kusimama, niliinunua mtumba miaka minne iliyopita. Hadi diski yake ni 250GB na ule mstari wa C umeshakuwa mwekundu, zimebaki GB 6. Zimejaa picha na video za shughuli za ukoo, harusi mbili, arobaini ya marehemu baba, na mitihani yote niliyotunga tangu 2016. Wanangu nao wameshusha katuni humo bila kuomba ruhusa.

Nimezunguka sokoni, nimepata hizi:

500GB ya mtumba, ile nene ya kompyuta ya mezani, fundi anataka 35,000. Huyohuyo ana 1TB, anasema imetolewa kwenye mashine ya kamera za ulinzi za duka fulani, 60,000. Halafu kuna SSD mpya ya 240GB, ile diski isiyo na sahani inayozunguka, hii sijaiona kwa macho. Shemeji yangu yuko Kariakoo, anasema akiituma kwa basi pamoja na gharama ya kifurushi inafika 75,000.

Mimi ni mtu wa Baiolojia, kompyuta naijua kuwasha na kuzima. Nichukue ipi? Na nikiongeza ya pili, ya zamani naitoa au zinakaa zote? Natanguliza shukrani.

Fundi Bisibisi
Zinakaa zote mwalimu, wala hazigombani. Ila kabla hujatoa hata mia, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, fungua mlango wa ubavuni wa CPU, utazame ndani. Unatafuta kitako cha kuikalisha hiyo diski, tundu la SATA (la kuchomekea waya wa data wa diski) lililo wazi kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, na kichwa cha waya wa umeme kinachoning'inia kutoka kwenye pawa saplai. Kichwa chenyewe ni cheusi, bapa, kina umbo la L ndani. Kimoja kikikosekana, bajeti yako inabadilika. Waya mwembamba wa SATA fundi akupe bure, usikubali kuulipia.

CPU ya kusimama mara nyingi ina nafasi. Wanaopata shida ni wenye zile nyembamba za kulala. Hao wakati mwingine inabidi watoe DVD ndipo wapate tundu, na kama DVD ni ile nyembamba ya laptop, kichwa chake cha umeme ni kidogo, hakiingii kwenye hadi diski.

Kasi ya Pweza
SSD. Mjadala umefungwa. Enzi hizi bado tunashauriana kuhusu sahani inayozunguka?

Fundi Bisibisi
Haujafungwa mkuu. Mwalimu amelalamika kujaa, hajalalamika uzito. Ana 250 imejaa, unampa 240 kwa bei kubwa kuliko zote. Unamhamisha kutoka chumba kimoja kwenda chumba kimoja chenye feni.

Kasi ya Pweza
😂 Haya. Ila mwambie ukweli pia kwamba Windows ikikaa kwenye SSD ile kompyuta itafufuka. Hadi diski ya kuzunguka, ikiwa nzima, inasoma kama MB 100 na ushee kwa sekunde. SSD ya SATA inagusa 500. Na siyo kasi ya kukopi tu, ni vile inavyofungua vifaili vidogovidogo elfu kwa mpigo wakati wa kuwaka. Mimi yangu ilikuwa naiwasha, nakwenda kukoga, narudi bado inazungusha vidoti.

Kangomba
Mwalimu, nikutahadharishe mapema. 500GB ukiichomeka, Windows itakuandikia 465. Hiyo 1TB itaandika 931. Usirudi sokoni kumkaba fundi koo kwamba kakupimia kangomba, lile bakuli la walanguzi wa korosho. Kiwandani GB moja ni baiti bilioni moja kamili, Windows inapima kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024. Bakuli ni tofauti, korosho ni zilezile.

Mwalimu wa Chuno
Hilo bakuli nimelielewa vizuri sana 😄 Nimefungua ubavu. Vumbi la kutosha kupanda mchicha. Kitako kipo, matundu ya SATA mawili yako wazi, kichwa cha umeme kipo kimefungwa na kibanio cha plastiki. Uzito nao upo, sikuusema kwa sababu nilidhani ndivyo zilivyo.

Bi Mtanda
Niko Lindi mjini. Mwanangu mwalimu, ngoja nikusimulie yaliyonikuta ndipo uamue.

Nilinunua 320GB ya mtumba, sitaji kwa nani, 20,000. Iliwaka, ikaonekana, nikafurahi. Nikahamishia picha zote za mama yangu, na nikisema kuhamisha namaanisha kukata na kubandika, kule nilikotoa nikaacha peupe. Wiki ya tatu nimekaa nafua kanga uani nasikia ndani kitu kinagonga: tak… tak… tak… kimya… tak. Nikadhani mjusi kwenye bati. Nimeingia sebuleni, sauti inatoka kwenye CPU. Skrini imeganda kwenye picha ya mama akiwa amekaa kwenye mkeka, nusu ya juu inaonekana, nusu ya chini ni kijivu.

Fundi wa kwanza akasema niiweke kwenye friza usiku kucha. Nikaiweka, jamani. Ilitoka imelowa kama samaki. Hiyo nusu picha ndiyo niliyobaki nayo, na niliipiga kwa simu.

Fundi Bisibisi
Pole sana dada. Hiyo ya friza watu wanaisambaza sana, nayo kwa hewa yetu ya pwani ni kuiua mara ya pili, ukiitoa tu unyevu unaganda juu ya sahani. Ikigonga hivyo kichwa cha kusomea kimeshaharibika. Unazima palepale, huiwashi tena kujaribu.

Sasa mwalimu, jinsi ya kuipima kabla hujalipa. Mwambie muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake na afungue CrystalDiskInfo, ni programu ya bure, fundi yeyote wa kweli anayo. Rangi ya bluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu kimbia. Lakini usiishie kwenye rangi. Shuka kwenye orodha, tafuta mistari iliyoandikwa 05, C5 na C6. Wa 05 ni sehemu zilizokufa ambazo diski imezifukia yenyewe na kutumia za akiba. C5 ni sehemu inazoshindwa kuzisoma sasa hivi, zinasubiri hukumu. C6 zimeshindikana. Zote tatu zinatakiwa ziwe sifuri. C7 ikiwa na namba usitishike sana, mara nyingi ni waya mbovu. Juu kulia utaona masaa iliyowaka maishani mwake.

Kisha kopi faili moja kubwa, la GB kumi hivi, huku sikio likiwa karibu. Ila kama ameichomeka kwa adapta ya USB ya zamani, kasi itaishia MB 30 na kitu, hiyo siyo kosa la diski.

Mmachinga Asilia
Ya kamera usiiguse. Ile kitu inawaka usiku na mchana, Idi na Krismasi, hailali. Miaka mitatu tu ni masaa 26,280. Hiyo ni basi lililokwenda Dar na kurudi kila siku, halafu unauziwa kwa sababu limepakwa rangi.

Fundi Bisibisi
Hapa nakupinga kaka. Basi linaloumia ni lile la kuwashwa na kuzimwa kila kituo. Diski inayozunguka mfululizo haipati ule mtikisiko wa kuanza kila mara. Na zile zenye lebo ya zambarau, WD Purple, au Seagate SkyHawk, zimetengenezwa kwa ajili ya kuandika video masaa 24. Kwa kuhifadhi picha na katuni za watoto inamtosha. Mimi ningeogopa zaidi 500GB yenye masaa elfu tano iliyoanguka mezani mara moja, na hakuna lebo inayokwambia imeanguka.

Kitu kingine cha kutazama: igeuze uone ule ubao wa kijani chini. Huku kwetu chumvi inakula. Ukiona unga mweupe au kijani kwenye zile pini na skrubu, hiyo imetoka kwenye nyumba inayotazama bahari, rudisha. Na kile kitundu kidogo juu kilichoandikwa kisizibwe, hakikisha hakuna stika juu yake, ndipo inapopumulia.

Mmachinga Asilia
Sawa, lakini umeme wetu unavyokatika, kile kichwa si kinadondokea sahani?

Fundi Bisibisi
Hakidondoki, umeme ukikata kinarudi pembeni chenyewe kwa nguvu ya mzunguko uliobaki. Kinachoharibika ni faili lililokuwa linaandikwa wakati huo. UPS ndogo, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ndiyo dawa.

Pengwini wa Masasi
Naongezea kwa wanaopenda Seagate: masaa yanaweza kufutwa. Mwanzoni mwa 2025 kule Ujerumani zilibainika Seagate zilizouzwa kama mpya kumbe zimeshatumika maelfu ya masaa, ripoti ya kawaida ilikuwa imerudishwa sifuri. Kilichowaumbua ni kumbukumbu nyingine ya ndani inayoitwa FARM. Mwenye Linux na smartmontools mpya (programu ya kusoma afya ya diski) aandike smartctl -l farm akifuatisha jina la diski, alinganishe. Mtumba wenye masaa 12 ni wa kuogopwa kuliko wenye 30,000.

Kangomba
Yaani hata Wazungu wanarudisha mita nyuma kama daladala.

Kasi ya Pweza
Basi mimi napendekeza hivi: achukue 1TB ya kamera sasa ikipimwa vizuri, ahamishie mizigo huko, C ipumue. SSD aje aivute msimu ujao akiwa na nafasi. Akiiweka, Windows ahamishie kwa Clonezilla, programu ya bure ya kunakili diski nzima, au aweke upya, na 250 ya zamani aitumie kwa bekapu ya zile picha za baba. Ile 500 sioni kazi yake hapa, kwa tofauti ya 25,000 unakosa nafasi mara mbili.

Bi Mtanda
Kwenye bekapu hapo asilale. Na asikate, akopi.

Mwalimu wa Chuno
Wakuu, nimerudi na matokeo. Leo baada ya vipindi nimekwenda kwa yule fundi. Nilipotaja CrystalDiskInfo akanitazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali ambalo mwalimu hakuliandaa. Akachomeka.

500GB: masaa 9,400, rangi njano. Mstari wa C5 kulia kumeandikwa 000000000018. Nikamwambia hizo ni sehemu 18 mbovu, akacheka, akasema mwalimu hizo ni 24, hapo zinahesabiwa kwa kumi na sita badala ya kumi, ile 1 ni 16, ongeza 8. Nikamshukuru kwa kunisahihisha dhidi ya biashara yake mwenyewe.

1TB: lebo ya zambarau kweli, masaa 31,000 na kidogo, bluu, 05 sifuri, C5 sifuri, C6 sifuri. Pini safi. Nikakopi video ya harusi, sikio nimelilaza mezani, inaunguruma kama feni ya mbali, haigongi. Nimelipa 50,000 na waya juu yake, na kwenye risiti ameandika wiki mbili za kurudisha.

Sasa nimeifunga nyumbani, skrubu nne, nimewasha. Haionekani popote! C ipo peke yake.

Fundi Bisibisi
Usitoke jasho. Mashine ya kamera ina mpangilio wake, Windows haiujui. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc. Ikiuliza MBR au GPT, hizo ni namna mbili za kupanga diski, chagua GPT. Ikikaa kimya bila kuuliza, tafuta hiyo diski yenye 931, bonyeza kulia kwenye vipande vyake uvifute. Kitabaki kipande chenye ukanda mweusi juu, kibonyeze kulia, chagua la kwanza, nenda mbele mpaka mwisho. SOMA UKUBWA kabla ya kubonyeza. Ile ya 232 ni yako ya zamani, hiyo ukiigusa umefuta arobaini ya mzee.

Mwalimu wa Chuno
Imeingia. D, 931GB, nyeupe peee. Nimekopi (sijakata, Bi Mtanda) GB 140, imechukua kama dakika 35. Sasa nalinganisha idadi ya mafaili pande zote mbili kabla sijafuta kule C. Picha za baba nimeziweka pia kwenye fleshi mbili, moja anayo dada yangu Newala.

Shemeji wa Kariakoo nimemwambia SSD isubiri malipo ya korosho.

Mmachinga Asilia
Isubiri na barabara pia. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata njia kule Somanga kifurushi changu kilikaa nisijue kiko upande gani wa maji.

Kangomba
Mwalimu, ile 500 ya njano bado ipo? Muulizie anaiuza bei gani ya mwisho. Mimi sitaki kuhifadhi kitu, nataka zile sumaku za ndani.

Mwalimu wa Chuno
Nimempigia. Anasema elfu 35 ileile, ni nzima kabisa.