Naomba ushauri: nasafiri peke yangu na begi mgongoni, kutoka Kilwa hadi Msimbati

Mwalimu wa Bara (mleta uzi)

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Singida, nina umri wa miaka 29, na maishani mwangu nimeiona bahari mara moja tu, tena nikiwa kwenye pantoni ya Kigamboni nikiwahi msiba. Likizo ya Juni nimepanga kusafiri peke yangu na begi moja la mgongoni, nianzie Kilwa Masoko, nipitie Lindi na Mikindani, niishie Msimbati. Nimetenga siku 14, na fedha za kutosha kulala katika nyumba za wageni za kawaida na kula kwa mama lishe.

Mambo ya nauli nitayaulizia hukohuko. Kinachonisumbua ni kwamba mimi ni mkimya wa asili, ninayeweza kukaa siku 3 katika mji bila kusemezana na mtu isipokuwa mwenye duka. Sitaki kurudi Singida na picha za mawimbi bila kuwa na mtu hata mmoja wa kumpigia simu siku ya Idi. Wakati huohuo mimi ni mwanamke, na najua kwamba uchangamfu wa mwanamke aliye peke yake unaweza kupokelewa visivyo. Je, mwenyeji wa Lindi au Mtwara humwonaje mgeni wa namna hii, na mgeni huyo aanzie wapi ili azoeleke bila kuwa mzigo? La pili, nilifikiri kutembea kwa miguu ufukweni sehemu kubwa ya njia na kulala kwenye hema. Naomba mnieleze kama ni jambo la busara.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linaloweza kukugharimu. Nimeendesha mashua kati ya Kilwa na Mikindani kwa miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba ufuko unaouona kwenye picha haunyooki hivyo hadi Mtwara. Ukitoka Kilwa Masoko kuelekea kusini unakutana na mlango wa mto Mavuji, mbele zaidi Mbwemkuru, na ukifika Lindi unaikuta ghuba ambamo Lukuledi humwaga maji yake. Kote huko kuna mikoko na tope la kufika magotini, wala hutakuta daraja la kukuvusha. Panda gari Nangurukuru hadi Lindi, kisha Lindi hadi Mikindani, na miguu yako uiweke kwa vipande vinavyotembeka, kama Shangani pale Mtwara mjini na Msimbati kwenyewe.

Juni ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini. Anga huwa safi na jua halina makali ya Januari, lakini upepo huamka kadiri siku inavyokwenda, na ikifika alasiri bahari huwa na mawimbi ambayo mtu wa Bara hatayafurahia. Safari yoyote ya chombo ifanye asubuhi. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujaweka mguu chomboni, na ulipe ukisharudi. Binti wa ndugu yangu aliwahi kuzimiwa injini katikati ya maji na kuambiwa kwamba bei waliyokubaliana ilikuwa ya kwenda tu. Alilipa. Angefanyaje, aogelee?

Kuhusu hema, sikushauri, hasa kusini ya Mtwara. Ukanda wa Ruvuma unapakana na Msumbiji, na tangu kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa Oktoba 2020, wakazi na askari wa huko humtazama mgeni kwa makini, na wana haki. Mtu anayeonekana alfajiri akitoka mikokoni na begi mgongoni atahojiwa kabla hajasalimiwa. Lala palipo na kitabu cha wageni, uandike jina lako, utokako na uendako, hata kama ile safu ya kabila inakukera. Ukifika kijiji kisicho na nyumba ya wageni, nenda kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji ukiwa na kitambulisho chako cha Taifa.

Mzaliwa wa Mikindani

Dada, karibu Kusini. Nahodha amekwisha kukuonyesha njia. Mimi nitajibu lile ulilouliza kwanza.

Kosa la wageni wengi wanaopita kwetu ni kuhesabu miji. Analala Kilwa siku 1, Lindi siku 1, Mikindani siku 1, na kila mahali anasalimiana na watu wanaomwona kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Huku siku ya kwanza unasalimiwa kwa adabu na kuachwa. Siku ya pili ukipita njia ileile saa ileile, mwenye baraza atakuuliza umeamkaje. Siku ya tatu atakuuliza unakula wapi, na hapo ndipo mambo yanapoanza. Kwa siku 14 chagua mahali pawili, patatu usizidishe, ununue vitumbua kwa mama yuleyule kila asubuhi na chai uinywee palepale.

Watu hupenda kumtania mgeni kwamba siku ya tatu apewe jembe. Wewe litafute hilo jembe. Mtu mkimya hapati marafiki kwa kuzungumza, huwapata mikono yake ikiwa na kazi, na kwetu kazi za wanawake hufanyika barazani na uani, mahali ambapo mwanamke mgeni anaweza kuketi bila mtu kuuliza anafuata nini. Kuna nazi za kukuna, kuna ukili wa kusuka, kuna mchele wa kuchagua. Omba kusaidia, uharibu kidogo, uchekwe. Ukishachekwa na wanawake wa nyumba moja, nyumba za jirani zitakuwa na habari zako kabla ya magharibi.

Angalia pia kalenda ya mwezi kabla ya kupanga siku zako. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana, na wanawake hutoka kwenda miambani kuchokoa pweza kwa fimbo. Omba kufuatana nao jioni iliyotangulia. Asubuhi huwa wanayawahi maji na hawana muda wa kujibu maombi. Vaa viatu vya kufunga vyenye soli ngumu, na uburute nyayo badala ya kuzinyanyua, kwa sababu samaki aitwaye taa hujilaza chini ya mchanga na mwiba wa mkia wake si wa mchezo. Fimbo usiiombe. Pengine utapewa ndoo ubebe, na hiyo ndiyo nafasi yako.

Juni kuna mambo mawili usiyoyategemea. Kwanza, asubuhi vijiji vingine vitaonekana vitupu kwa kuwa watu wako mashambani wakipulizia mikorosho salfa. Usidhani umekimbiwa, rudi alasiri. Pili, ni likizo ya shule, kwa hiyo ndio wakati wa jando na unyago, na usiku utasikia ngoma. Usifuate ngoma ya unyago bila kualikwa na mwanamke mtu mzima, na simu yako ibaki mfukoni hata ukialikwa.

Kuhusu wanaume, utaulizwa mume yuko wapi. Jibu kwa ufupi kwamba nyumbani wanakusubiri, halafu uulize habari za watoto wake. Wazee waamkie shikamoo, vijana wakijitolea kukutembeza wakubalie mchana na uende na mtu wa pili, na namba yako ya simu iache kwa mama wa nyumba. Akiwa nayo yeye, kila anayeihitaji atalazimika kumweleza anaihitajia nini. Jozi moja ya kanga itakufaa kuliko nguo zote ulizonazo.

Fundi wa Baiskeli

Namheshimu Nahodha, lakini naomba nitofautiane naye kuhusu hema. Niliendesha baiskeli kutoka Lindi hadi Mtwara peke yangu, na nililala kwenye hema usiku 2, mara zote uani kwa watu, baada ya kubisha hodi kabla jua halijazama na kuelekezwa kwa mwenyekiti. Watoto walinisaidia kulisimamisha, na usiku wa kwanza wanne kati yao walikuwa wamelala ndani wakati mimi nipo nje nakula mihogo na baba yao. Ubaya ni kulisimamisha mahali ambapo hakuna anayekujua.

Nahodha Mstaafu

Uani kwa mtu sina neno. Mimi nilisema mikokoni. Ila wewe ni mwanamume, na mwenye uzi si mwanamume. Hema lina zipu, halina kitasa.

Mwalimu wa Bara (mleta uzi)

Nawashukuru nyote, na hema nitaliacha Singida. Nimepunguza vituo vikawa vitatu: Kilwa siku 4, Lindi siku 2, na zilizobaki zote Mikindani, ambako nitatoka kwenda Msimbati na kurudi. Je, Kilwa Kisiwani inafaa kwa mtu anayetafuta watu, au ni magofu matupu? Na Lindi nitazungumza na nani kwa siku 2 tu?

Kijana wa Kivinje

Kisiwani kuna kijiji, dada, na watu wake huchoka kuona wageni wakipita mlangoni kwao kana kwamba nao ni sehemu ya mawe. Kibali utakilipia ofisini Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, udai stakabadhi yako. Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza utavimaliza kwa asubuhi moja ukifuata mwendo wa watalii, lakini mwombe anayekuongoza mpumzike kijijini kabla ya kurudi, na ununue chakula hukohuko badala ya kubeba biskuti. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri wake na sultani kwa ukarimu wake. Wenyeji watakukumbusha habari hiyo, na ni mwanzo mzuri wa mazungumzo kwa mtu mkimya, kwa sababu kazi yako itakuwa kusikiliza.

Kilwa Kivinje nako usikuache, ingawa najua navutia kwangu. Nenda saa ambazo wavuvi wanarudi, ukae karibu na mnada wa samaki. Hakuna anayeuliza mtu anafanya nini mnadani.

Lindi ni rahisi zaidi. Panda kivuko kwenda Kitunda ng'ambo ya ghuba na kurudi, mara 2 kama ukipenda, kwa kuwa chomboni watu hukaa wakitazamana na hawana pa kwenda. Na ukimpata mzee mwenye nafasi, muulize habari za mjusi wa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mifupa ya wale wanyama wakubwa wa kale ilichimbwa na watu wetu chini ya Wajerumani, ikabebwa kwa vichwa hadi bandari ya Lindi, na mmoja wao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin hadi leo. Suala la kurudishwa au kutorudishwa kwake litakumalizia jioni nzima.

Mwalimu wa Bara (mleta uzi)

Nimerudi salama, na naona ni haki niwape marejesho.

Kilwa nilikuwa mtalii, sitawaficha. Nilipiga picha nyingi na kusemezana na wachache, isipokuwa mnadani Kivinje, ambako mama mmoja alinishikisha kamba ya ndoo yake akaondoka, akarudi baada ya nusu saa kana kwamba tulikubaliana. Lindi mzee wa kivukoni alinieleza habari za mjusi kwa hasira kana kwamba ameibwa juzi.

Mikindani nilinunua vitumbua mahali pamoja kama nilivyoshauriwa, na asubuhi ya tatu muuzaji akaniuliza kama najua kukuna nazi. Nikasema najua. Nilikalia mbuzi, nikakuna kwa nguvu zangu zote, na nilipoinua kichwa nikiwa nimejivunia, uani kulikuwa kimya. Nilikuwa nimekuna hadi kwenye ganda la kifuu, na machicha yote yalikuwa na chembe za kahawia. Bibi wa nyumba akachukua kiganja kimoja, akayaminya, tui likatoka na rangi ya maji ya kufulia, akasema, “Mwalimu, hii umeipa adhabu.” Tangu hapo jina langu mtaani likawa Adhabu. Watoto waliniita hivyo hadi kituo cha basi.

Bamvua niliikuta siku ya tano. Nilibeba ndoo. Pweza wa kwanza alipotolewa nilirudi nyuma nikakaa majini, begi na vyote, na wakamaliza kumpiga kwa fimbo wakiwa bado wanacheka. Msimbati nilikwenda na mabinti wawili wa nyumba ileile, tukalipa kiingilio cha hifadhi ya bahari, tukala ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha tuliyonunua njiani, na usiku wa mwisho sikulala nyumba ya wageni.

Sasa Bibi amenipigia simu akiuliza huku kwetu kuna nini, nami nimemwahidi dumu la lita 5 la mafuta ya alizeti. Kuna anayejua namna nzuri ya kulisafirisha hadi Mtwara bila kumwagika?

Mzaliwa wa Mikindani

Lisijazwe hadi juu. Weka nailoni mdomoni kabla ya mfuniko, ufunge kwa mpira wa baiskeli, kisha uliingize lote ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Dar es Salaam litabadilisha gari, kwa hiyo tafuta mtu wa kulipokea na kulipandisha basi la Kusini. Jina na namba ya mpokeaji uandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye ndoo yenyewe, maana karatasi hubanduka. Na uandike “Kutoka kwa Adhabu”, kwa sababu jina lako halisi pale nyumbani hawalijui.