Mjadala: Je, Huruma ya Mungu iadhimishwe Dominika ya Pili ya Pasaka?

Mtoa mada: Tumsifu Yesu Kristo. Dominika ya Pili ya Pasaka, inayofunga Oktava (siku nane) ya Pasaka, iliitwa tangu zamani Dominika ya Mavazi Meupe, kwa ajili ya wale waliobatizwa usiku wa Pasaka. Siku hizi waamini wengi wanaijua kwa picha ya Yesu wa Huruma na Rozari ya Huruma tu, na Ufufuko wenyewe hautajwi. Huruma tayari ina sherehe yake, Moyo Mtakatifu wa Yesu, ambayo Papa Pius IX aliieneza kwa Kanisa zima mwaka 1856. Kwa nini tusiiadhimishe Huruma siku ya sherehe hiyo?

Mchangiaji: Milele na milele, amina. Ndugu, fungua kwanza Misale, kitabu cha Misa. Injili ya Dominika hiyo, Yohane 20:19-31, haibadiliki, uwe Mwaka A, B au C wa mzunguko wa masomo, na ndani yake Yesu, jioni ileile ya kufufuka kwake, anawavuvia mitume na kuwapa mamlaka ya kuondolea dhambi. Sala ya Mwanzo nayo inamwomba Mungu mwenye huruma ya milele, na ilikuwamo katika Misale ya mwaka 1970, yaani miaka 30 kabla Papa Yohane Paulo II hajamtangaza Sista Faustina Kowalska, mtawa wa Polandi aliyeandika maono ya Huruma ya Mungu, kuwa mtakatifu, tarehe 30 Aprili 2000, na kuipa siku hiyo jina la Huruma ya Mungu. Kilichoongezwa ni jina. Masomo na sala vilibaki vilevile. Ninachokubaliana nawe ni mazoea yetu: mwaka mmoja niliingia kanisani nikakuta mshumaa wa Pasaka umesogezwa pembeni, nyuma ya picha iliyozungushiwa maua na taa za rangi. Hilo ni la kamati ya mapambo, kalenda haina kosa.

Mtoa mada: Kuhusu Sala ya Mwanzo nimekuelewa, ingawa Misale ya mwaka 1962 ina sala nyingine isiyotaja huruma. Lakini tarehe hii haikutoka katika masomo. Ilitoka katika shajara ya Sista Faustina, alipoandika maono ya Februari 1931 huko Płock, Polandi, na Kanisa linafundisha kwamba ufunuo binafsi, yaani maono ya mtu mmoja kama hayo, haumfungi muumini. Tena novena ya Huruma, yaani sala za siku tisa, inaanza Ijumaa Kuu. Sasa anayetoka kuubusu Msalaba saa tisa alasiri, akitaka kubaki kimya mpaka Mkesha wa Pasaka, aanze novena au asubiri?