Gome la muthiga linaisha, nifanyeje?

dawa_ya_mama: Habarini wadau. Nauza miti shamba sokoni miaka sita sasa na inayotoka sana ni unga wa gome la muthiga, wengine mnauita sokonoi, watu wanatumia kwa kikohozi na tumbo. Sasa mzee anayeniletea siku hizi analeta magome membamba kama karatasi, yaani ya miti michanga, nikimuuliza anasema mikubwa ishakauka. Nikitafuta mzee mwingine si nahamisha shida tu? Nani ashapanda?

shambaboi: Mti ukichunwa gome mviringo wote chakula cha majani hakishuki mizizini, unakufa umesimama. Mi nilihamia majani, nayo yana ule ukali wa pilipili, tafuna moja utaniambia. Wateja walinung'unika mwanzoni wee!

mkulima_wa_mlimani: Panda lakini mbegu zake haziwekeki, toa kwenye tunda upande zikiwa mbichi, mimi nilizianika nikaweka kwenye mkebe miezi kadhaa hata moja haikuota, nikabaki kulaumu udongo bure. Na tumbili watakutangulia kwa matunda.

kijani254: Ukiwaza kuuza nje kuwa makini, gome la mti mwingine wa dawa, muiri (Prunus africana), linabanwa na CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) tangu 1995, na aloe zote nazo zinabanwa isipokuwa Aloe vera.

dawa_ya_mama: Asanteni. Naanza na majani, ila sasa nitamwambia nini huyo mzee, amezoea hela ya kila wiki...

shambaboi: Mpe kazi ya kuotesha miche, si ndiye anajua mti mama uko wapi