Waini za Chianti na Pinotage zatofautiana vipi mdomoni? Niko Malindi, mteja ameniuliza nikakwama

kijana_wa_malindi:
Habarini wakubwa. Mimi ni weita kwa mkahawa mmoja hapa Malindi, wageni wetu wengi ni Wataliano, wale wanaokaa miezi na wale wa kupita. Juzi usiku mzee mmoja wa Kitaliano alikuwa na rafiki yake mezani, akashika chupa mbili, huku Chianti Classico na huku Pinotage ya Afrika Kusini, akaniambia kijana hebu muelezee huyu ladha zake. Nikasema zote nyekundu, zote hazina sukari. Akanyamaza, akaagiza bia. Iliniuma sana maana kazi hii naipenda na nataka kuijua. Jana mchana meneja akatufungulia zote mbili tuonje, kila mtu funda moja moja, na wallahi sikupata tofauti, zote zaniwasha koo na zanuka spiriti. Kwetu nimezoea mnazi, huo naweza kukwambia huu umegemwa asubuhi na huu umelala, lakini waini bado. Naomba mwenye kujua anieleze kwa vitu ninavyovijua, hiyo cheri wanayoandika nyuma ya chupa sijawahi kuiona hata kwa macho.

dada_wa_kaunta:
Mdogo wangu, kwanza hizo chupa zilikuwa zimekaa wapi? Kama ni kwa shelfu nyuma ya kaunta, mchana wa Malindi, tofauti usingeipata hata ungeonja kutwa. Wale wakisema waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba wamaanisha chumba cha kwao, digrii 16 hadi 18 hivi, na hapa chumba ni 30. Ikipata joto hivyo spiriti ndiyo yatangulia puani na tunda lote lafichika nyuma. Tia friji nusu saa kabla hujafungua, ukiishika chupa iwe baridi kama maji ya mtungi, isifike baridi ya soda.

Sasa ladha. Chianti Classico zabibu yake ni Sangiovese, sheria yao yataka isipungue asilimia 80, na yalimwa kwa vilima vya Toscana huko Italia, kati ya Firenze na Siena, shingoni mwa chupa utaona jogoo mweusi. Zabibu hii hukawia kuiva na usiku vilimani kule kuna baridi, ndio maana uchachu wake haupotei. Kumbuka maji ya ukwaju yaliyotiwa sukari kidogo tu, yale yanayokujaza mate pembeni mwa ulimi, basi ni hapo hapo. Halafu kuna ukakasi. Chemsha chai ya rangi uisahau kwa birika na majani yake mpaka iwe nyeusi, uinywe bila sukari, utaona ulimi wakauka na ufizi wakaza, hiyo ndiyo tanini, iko kwa majani ya chai na iko kwa ganda na kokwa za zabibu, hata bibo ukilitafuna utaipata. Chianti ni hayo mawili yamekaa pamoja, na juu yake harufu ya majani makavu.

Pinotage ni ya Stellenbosch, huko karibu na Cape Town. Mwaka 1925 profesa Abraham Perold alipandanisha zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsault, na Cinsault wakati ule kwao wakiiita Hermitage, ndio majina yakaunganishwa. Mimina zote mbili kwa gilasi uziinamishe juu ya kitambaa cheupe cha meza. Pinotage rangi yake ni zambarau iliyoiva mpaka ikapasuka, Chianti utaona ukingo wake wapitisha mwanga na wekundu wake waelekea kwa tofali. Mdomoni Pinotage ni nzito, tunda limeshiba jua, uchachu mdogo, na mwisho wabaki moshi. Kuna wanaochoma sana ndani ya yale mapipa ya mbao ya kuwekea waini mpaka waini yanuka kahawa kabisa, ukiipata hiyo utageuka kutafuta muuza kahawa na dele lake.

mpishi_shela:
Assalam aleikum. Mimi sinywi, lakini nimepika hotelini hapa Shela miaka mingi na chupa naziona zikirudi jikoni, ipi imeisha na ipi imebaki nusu. Chianti nikitoa pasta ya tomato hairudi na kitu. Tomato ni chachu, waini isiyo na uchachu ikikutana nayo yapooza, mgeni aona kama imetiwa maji. Nikitoa mishkaki ama mbuzi wa makaa basi Pinotage ndiyo yaisha, ule moshi wake na moshi wa jiko vyapatana. Lakini nguru ama jodari na waini yenye ukakasi mwingi hapana, wageni huniambia wasikia ladha ya chuma mdomoni, na mimi nawaamini kwa sababu chupa yarudi. Kwa hivyo kaka, kabla hujamueleza mteja kuhusu zabibu muulize yuwala nini.

mzee_wa_gati:
Dada ameeleza vizuri ila Pinotage zote si nzito. Ziko zisizowekwa pipa jipya, nyepesi, zamkumbusha mzazi wake Pinot Noir, na hizo kwa joto letu ndizo nzuri zaidi, mimi huzipenda kuliko zile za kahawa. Na kijana, Chianti tupu na Chianti Classico usizifanye moja. Chianti tupu yatoka eneo kubwa zaidi, kiwango cha Sangiovese ni asilimia 70, na nyingi ni nyepesi. Mipaka ya eneo la Chianti ya asili iliwekwa na mtawala wa Toscana, Cosimo III, mwaka 1716. Ile chupa ya tumbo iliyovishwa majani yaliyosukwa kama kikapu, mlio nayo wengi mmeigeuza kinara cha mshumaa, ni ya Chianti ya zamani.

kijana_wa_malindi:
Ahsanteni mno, Mungu awabariki. Leo nimefanya kama dada alivyosema, chupa zote mbili friji nusu saa, nikachemsha na chai ya rangi nikaiacha kwa birika. Nimeonja chai, nikasukutua kwa maji, nikaonja Chianti, na ule ukavu ukaja pale pale kwa ufizi wa juu nyuma ya midomo, kisha mate yakanijaa kama nimeuma embe bichi. Pinotage imeteremka laini, harufu ya zambarau kwanza, moshi ukachelewa, nimeusikia wakati nishameza. Ile spiriti ya jana sikuisikia hata kidogo! Yule mzee hula kwetu kila Alhamisi na huagiza gnocchi za tomato, vile vitonge vya viazi, nitamuwekea Chianti mapema. Swali moja tu limebaki, hii Pinotage nusu chupa nikirudisha kizibo itakaa siku ngapi?

dada_wa_kaunta:
Siku tatu, nne ukibahatika. Kaza kizibo, iweke friji ikiwa imesimama, usiilaze, ikilala hewa yapata nafasi kubwa ya kuigusa. Na siku ya Alhamisi ile Chianti ya mzee itoe friji dakika chache kabla hajaketi.